Viumbe vya Mungu Njiani



Wakati wa likizo jamaa nyingi hufunga safari kwenda kuwasalimu wazee. Wale washikao njia ya Morogoro kwenda Iringa huiacha nyuma milima ya Uluguru, kisha barabara yenyewe huwaingiza katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964. Kwa kilometa 50 hivi msafiri hupita katikati ya makao ya wanyama, wala hakuna ua unaomtenga nao. Twiga hunyosha shingo juu ya migunga; pundamilia na nyumbu hula majani pamoja; tembo huvuka njia na mtoto wake, bila kumwomba mtu ruhusa.

Tuchukue mfano wa baba mmoja asafiriye na mkewe na watoto. Ana haraka ya kufika kabla ya giza. Binti yake mdogo amwona twiga, amsihi baba apunguze mwendo. Baba ajibu: “Mwanangu, wanyama watakuwapo hata tukirudi.” Mbele kidogo wamkuta swala amelala kando ya lami, amegongwa na gari lililotangulia. Mtoto auliza: “Baba, na huyu naye atakuwapo tukirudi?” Baba hana jibu, ila mguu wake waanza kulegeza mafuta.

Swali la mtoto huyo latuhusu sote. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu aliwatazama wanyama na kuwaona kuwa ni wema, hata kabla ya kumwumba mtu. Kisha aliwaleta mbele ya Adamu awape majina. Basi, nani aweza kumpa jina asiyemtazama? Kazi ya kwanza ya mtu juu ya wanyama ilikuwa kuwaangalia kwa makini. Na Zaburi ya 104 yasema kwamba hata wana wa simba, wanapounguruma usiku, humwomba Mungu chakula chao. Enzi tuliyopewa, basi, ni uwakili. Na wakili atatoa hesabu kwa Mwenye mali. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, alifundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kama hakitupatii faida yoyote.

Tuendelee na safari. Baada ya kuvuka mto Ruaha, gari hupanda mlima Kitonga kwa kona kali, na msafiri yumo katika milima ya Udzungwa. Katika misitu ya milima hiyo yuko nyani wa Sanje, asiyeonekana penginepo duniani, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu. Yuko pia kipunji, aliyetangazwa kwa wataalamu mwaka 2005, ingawa Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa wamekwisha kumpa jina hilo. Tazameni unyenyekevu tunaofundishwa! Miaka mingi viumbe hawa walimsifu Muumba wao mafichoni, na sisi wenye elimu hatukuwa na habari. Na katika mwaka huo huo wa 1979 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mtakatifu Fransisko wa Asizi kuwa msimamizi wa watunzao mazingira.

Yatupasa kufanya nini? Kwanza, dereva na apunguze mwendo, hasa usiku. Mtu aliyezoea kumhurumia swala hatashindwa kumhurumia mtoto anayevuka njia kijijini. Bali mwenye kupuuza uhai mdogo hujizoeza kupuuza ulio mkubwa. Kwenye kona za Kitonga, Amri ya Tano yamhusu dereva kila dakika. Pili, tusiwatupie nyani ndizi wala mikate. Hiyo si huruma, kwani nyani aliyezoea kulishwa hungoja chakula barabarani, na barabarani ndipo anapofia. Tatu, chupa na takataka zetu zibaki garini mpaka tufike.

Nanyi wazazi, msiwanyime watoto wenu nafasi ya kustaajabu. Watajieni majina ya wanyama, kama Adamu alivyofanya. Waambieni Nani aliyewaumba. Na jioni, mtakapofika salama, mshukuruni Mungu pamoja kwa yale mliyoyaona. Kuchelewa nusu saa ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kumlea mtoto apitaye katikati ya kazi za Mungu asizione.

Mwenyezi Mungu awalinde safarini, awafikishe salama kwa wazee wenu.

Tumsifu Yesu Kristo.