KIVULI CHA WOTE NI CHA NANI?

Miongoni mwa mambo ambayo watu huyadharau, na hali yana uzito katika tabia za mji, ni namna mtu anavyojipumzisha mahali pa umma. Siku hizi imeenea, Marekani na Ulaya zaidi, na kwetu pia vijana wameanza kuipenda, desturi ya kuchukua machela ya kitambaa chepesi, kuifunga baina ya miti miwili katika bustani ya watu wote, na kujilaza humo saa nyingi za mchana, na pengine usiku kucha.

Machela yenyewe si kitu cha kulaumiwa. Wenyeji wa visiwa vya Karibea walikuwa wakiilalia kabla ya Columbus kufika kwao mwaka 1492, na baadaye mabaharia wa Uingereza wakaifanya kitanda chao merikebuni. Ni kitu chepesi, na mwili una haki yake ya kupumzika. Kwa hivyo hatuulizi kama yafaa kulala katika machela. Twauliza jambo lililo nyuma yake: mahali palipo pa wote, yule aliyetangulia kupafikia ana haki gani, na yule ambaye bado hajafika amebakishiwa nini?

Watu katika jambo hili wamekuwa makundi mawili. Kundi la kwanza lasema: "Cha wote ni changu pia; nimewahi, basi sina wa kumuuliza." Hawa hufunga kamba zao asubuhi wakashika mahali mpaka jua likachwa. Kundi la pili lasema: "Cha wote si cha mtu, nani atanidai?" Hawa huchubua miti, huacha maganda na chupa, kisha huenda zao. Ukiyatazama makundi haya utaona kosa lao ni moja. Wote wawili wamemsahau mtu asiyekuwapo, ambaye haki yake ni sawa na yao ila hana ulimi wa kuidai kwa kuwa hayuko.

Suala hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amelizungumza katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa sana katika madrasa za pwani yetu. Amebainisha kwamba njia ya watu wote asili yake ni kupita, lakini yajuzu mtu kukaa hapo kwa kupumzika au kwa biashara maadamu hawabani wapitao, wala hahitaji idhini ya mtawala. Yajuzu pia kujitilia kivuli kwa jamvi na mfano wake. Wakifika watu wawili pamoja wakashindania mahali, hupigiwa kura. Na aliyeondoka kwa kuacha, haki yake imekatika. Tazama, ewe msomaji, jinsi kila neno lilivyopimwa: aliyetangulia amepewa nafasi ya kutumia, wala hakupewa milki, na nafasi hiyo imefungwa na sharti la kutowabana wengine.

Tukikipeleka kipimo hiki kwenye bustani, hukumu zake zadhihiri. Machela moja hushika miti miwili na nafasi ya hatua kadhaa baina yake. Mtu akiifunga kando, ambapo hapana njia wala viti, akapumzika kiasi cha haja yake kisha akaifungua, huyo amestarehe wala hakumdhulumu mtu. Lakini akiikingamisha njiani, au akaifunga juu ya benchi lililowekwa kwa ajili ya wazee, au akaiacha tupu na mkoba wake ndani yake huku yeye amekwenda mjini kula, huyo amechukua kisichokuwa chake, japo hakuna mlinzi aliyemwona. Na wanaokwenda kundi zima, wakatundika machela kumi katika shamba dogo la miti, wajiulize ni familia ngapi zilizofika zikakosa kivuli zikarejea.

Huenda mtu akasema: "Sisi tumeamka mapema, kwa nini tumwondokee aliyelala?" Jawabu ni kwamba si kila aliyechelewa alikuwa amelala. Katika miji yetu wako watu wengi wakaao vyumba vya kupanga, hawana ua wala baraza. Mama wa nyumba kama hiyo hamalizi kazi zake ila baada ya alasiri, ndipo awachukue wanawe kwenda Mama Ngina kupata upepo wa bahari, au kwenye bustani ya Uhuru karibu na Pembe. Kwako wewe kivuli kile ni starehe moja katika nyingi. Kwake yeye pengine ndiyo bustani pekee aliyo nayo duniani.

Kisha kuna haki ya mti wenyewe. Mti hula kwa gome lake: chini kidogo ya gome ndimo hupita chakula kitokacho majanini kwenda mizizini, na likikatwa pande zote mti hufa, hata ukibaki umesimama miezi mingi. Kamba nyembamba yenye mtu mzima hukata gome kama kisu. Kwa hivyo wajuzi wa jambo hili huagiza ukanda mpana, usiopungua sentimita 2.5, na wa sentimita 5 ni bora. Misumari isipigwe kabisa. Na mti uwe mzima, wenye unene wa sentimita 15 au zaidi. Wala kamba isikazwe mno. Ikiteremka kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30, kila mti huvutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wote wa aliyelala. Ikikazwa hata pembe ikawa nyuzi 10, mvuto huo hukaribia kuwa mara tatu. Na machela isipite urefu wa kiti, ili anayeanguka asivunjike, na mtoto asivutiwe kupanda pasipomfaa.

Ama uchafu, Mtume (S.A.W.) ameonya vikali juu ya kukidhi haja katika njia ya watu na katika kivuli chao. Mwenye kufahamu ataona kwamba maana ya makatazo hayo ni kumharibia mwenzio mahali anapopahitaji, na maana hiyo yaenea kwa kila kinachowaudhi watu, ikiwa ni taka au makelele ya santuri yanayomfikia asiyeyataka.

Na kulala usiku kuna jambo la kutazamwa kwa makini. Bustani nyingi za miji hufungwa usiku, na nyingine zimekataza machela hata mchana. Mwenye kutaka starehe na aulize kwanza. Akikatazwa, aende palipowekwa kwa kazi hiyo. Lakini mwenye dharura si sawa na mwenye starehe. Hamali aliyejinyoosha chini ya mwembe adhuhuri baada ya kubeba magunia, au maskini asiye na pa kulaza ubavu, asihisabiwe pamoja na kijana aliyekuja na machela ya fedha nyingi. Ni aibu kwa mji kumwamsha hamali kwa rungu, na kumpita mwenye machela kwa tabasamu kwa sababu nguo zake ni nzuri. Kanuni ikiwekwa, na iwekwe kwa kuzuia madhara, isiwekwe kwa kumwondoa fakiri machoni pa matajiri.

Tukumbuke pia kwamba mahali hapa hapakubaki kwa bahati. Mwaka 1989 palitakiwa kujengwa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, na Wangari Maathai akasimama kulipinga hata likaachwa. Na Januari 1999 yeye na wenziwe walipigwa kwa kuutetea msitu wa Karura. Mtu aliyevumilia mapigo ili msitu ubaki wa watu wote hakukusudia kila mti uwe na bwana wake wa siku nzima.

Basi kila anayekwenda kupumzika na ajiwekee desturi hii: kabla ya kuondoka, afungue kamba zake, alitazame gome, aokote kilicho chake na kisicho chake, kisha ajiulize kama mtu atakayefika baada yake angejua kwamba palikuwa na mtu hapo. Wazazi na waalimu wawafundishe vijana jambo hili kwa vitendo, kwani kijana asiyeuheshimu mti wa watu wote leo, kesho akipewa mali ya watu wote ailinde, hatajua kuilinda.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitimiza haki za waliopo na wasiokuwapo. Amin.