Roho Aliyebaki Jikoni

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, alikuwa na kisa kimoja alichopenda kukisimulia kila alikokwenda. Siku moja alikorofishana na mkewe, Mera, na saa ya kwenda kuhubiri ikawa imewadia. Akataka kuondoka hivyohivyo. Roho Mtakatifu akamsukuma arudi kwanza, apatane na mkewe na kusali naye. Kivengere akajitetea: watu wananingoja, nikishahubiri nitarudi tuyamalize. Jibu alilolisikia moyoni likamkata kauli. Haya, nenda ukahubiri. Mimi nitabaki hapa na mkeo jikoni.

Watu hucheka wakisikia hapo, na Kivengere mwenyewe alikuwa mcheshi, mtu wa kupanda jukwaani na kulimudu. Alimtafsiria Billy Graham kwa Kiswahili mjini Moshi mwaka 1960, na kazi hiyo haipewi mtu wa kigugumizi. Lakini tukishacheka, kisa chenyewe kinauma. Kinasema kwamba mtu anaweza kusimama mimbarini na Biblia mkononi, watu wakalia na kuitikia amina, huku yule anayemhubiri hakuja naye. Amebaki pale ugomvi ulipoachwa.

Ukimuuliza Mkristo wa kawaida Roho Mtakatifu alionekana wapi, atakupeleka moja kwa moja Pentekoste: upepo wa nguvu, ndimi za moto, lugha zisizofundishwa. Ni sawa, Luka ameyaandika katika sura ya 2 ya Matendo ya Mitume. Tatizo letu ni kwamba tunafunga kitabu mapema. Sura hiyohiyo inapofika mwisho, moto hautajwi tena. Wanatajwa watu waliouza mali zao ili mwenye shida asaidiwe, na waliokula pamoja nyumba kwa nyumba.

Mimi sura ya 6 hunivutia zaidi. Kanisa la Yerusalemu limekua, na wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani wanarukwa katika mgawo wa chakula cha kila siku. Yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya msiba anayajua malalamiko hayo: wa upande ule wanapata, wa upande huu wanasahauliwa. Mitume wakaagiza wachaguliwe wanaume saba wa kusimamia mgawo, na sharti mojawapo likawa kwamba wawe wamejaa Roho. Kwa ajili ya kugawa chakula! Sisi tungemtafuta mtu wa hesabu tumkabidhi ghala, na yule aliyejaa Roho tungempa maikrofoni. Tena ukiyatazama majina ya wale saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani. Inaelekea waliolalamika ndio waliokabidhiwa funguo. Hapo hakuna aliyenena kwa lugha, lakini sioni sababu ya kusema Roho alikuwa na kazi ndogo siku ile kuliko siku ya Pentekoste.

Kivengere alikuwa mtoto wa Uamsho wa Afrika Mashariki, na huko ndiko alikofundishwa kumsikia Roho jikoni. Chanzo cha Uamsho ule husimuliwa kwa namna nyingi, lakini wengi huanzia mwaka 1929, pale Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari kijana Mwingereza, Joe Church, walipokutana kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Wote wawili walikuwa na njaa. Walikuwa ndani ya kanisa lililojaa watu waliobatizwa, na walihisi kuna kitu kimepwaya. Wakakaa na Maandiko, wakasoma habari za kujazwa Roho, wakasali. Kisha Church akarudi kituoni kwake Gahini, kando ya ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda, kwenye hospitali ya misheni.

Aliyeongoza wauguzi pale Gahini alikuwa Yosiya Kinuka. Hakuwa na furaha na kazi, wala na wenzake, wala na daktari. Alipelekwa Kampala kumwona Nsibambi, na inasimuliwa kwamba alipomweleza matatizo ya hospitali, Nsibambi hakuuliza habari za mishahara wala za Wazungu. Alimgeuzia kioo: shida ya hospitali, alimwambia, inaanzia moyoni mwako. Ni neno gumu, na lingeweza kuwa neno la kikatili. Huwa najiuliza ni marafiki wangapi wangethubutu kulisema leo, na ni wangapi tungewasamehe. Kinuka akarudi Rwanda mtu mwingine, na hospitali ikaanza kubadilika.

Kabla ya mwaka 1940 habari zilikuwa zimefika Kigezi na Buganda, Burundi, Bukoba na Kenya. Waliookoka waliimba wimbo wa Tukutendereza kwa Kiganda hata pale ambapo hakuna aliyekijua Kiganda. Waliota ndoto, walitetemeka, walilia usiku kucha. Lakini kilichowashangaza majirani ni mambo ya mchana. Mtu alirudisha mbuzi aliyemwiba miaka ya nyuma. Mfanyakazi alibeba majembe na mashuka ya misheni akayarudisha yalikotoka. Mume aliomba radhi mbele ya mkewe, katika jamii ambazo mume hakuzoea kufanya hivyo, na Mzungu akaomba radhi kwa Mwafrika kwa dharau aliyokuwa ameibeba chini ya ukarimu. Maisha hayo waliyaita kutembea nuruni. Mtu asiye na dini, asiyeamini hata robo ya mahubiri yao, bado angeweza kumhesabu mbuzi.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Watu wa Uamsho waliweza kuchosha. Mwaka 1941, katika chuo cha Bishop Tucker pale Mukono, wanafunzi 26, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa kwa sababu hawakukubali kuacha kusali kwa sauti alfajiri na kuhubiri dhambi za wenzao na za walimu. Nikiwasoma leo nawahurumia wanafunzi, lakini namhurumia pia mwalimu aliyekuwa anatafuta usingizi. Baadaye palitokea makundi yaliyojiona yameamka zaidi ya ndugu zao, yakaanza kupima wokovu kwa mavazi na kwa mikopo. Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Roho anakupa uhuru wa kurudisha mbuzi. Wewe unautengenezea kanuni, halafu unamhukumu kwayo ambaye hakuwahi kuiba.

Mtume Paulo alilijua hilo. Wagalatia aliowaandikia hawakuwa watu wasio na bidii ya dini. Walikuwa nayo tele, mpaka wakawa wanaumana na kulana, kwa maneno yake. Ukiitazama orodha yake ya matendo ya mwili, sehemu kubwa haihusu ulevi wala uzinzi. Inahusu uadui, wivu, hasira, fitina, faraka, yaani mambo ya majirani na ya wanakwaya. Kisha analitaja tunda la Roho, kuanzia upendo hadi kiasi, na mengi katika hayo hayawezekani ukiwa peke yako chumbani. Utavumilia nini kama hakuna anayekuudhi? Utakuwa mpole kwa nani? Mtu anaweza kufunga siku nyingi mlimani asijue kama ana uvumilivu, akaja kuligundua hilo asubuhi moja kituo cha daladala, baada ya kondakta kumnyima chenji.

Februari 1977 Kivengere aliyakuta makubwa. Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mtu wa Uamsho, aliuawa Kampala tarehe 16, baada ya maaskofu kuandika barua ya kupinga mauaji ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Kivengere na Mera walivuka mpaka kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda. Akiwa uhamishoni aliona chuki ikimwota moyoni kama magugu. Ijumaa Kuu ya mwaka huo akiwa London, alipotafakari msalaba, alitambua kwamba lazima amsamehe Amin, na mwaka uleule akatoa kitabu kidogo ambacho jina lake lingeweza kumkera yeyote aliyefiwa: kilisema anampenda Idi Amin. Hakuacha kusema ukweli juu ya mauaji. Alikataa tu mauaji yaendelee ndani yake.

Nadhani asingeweza kufika hapo kama asingekuwa amekwisha kurudi jikoni. Msamaha wa Ijumaa Kuu ulikuwa na mazoezi yake, miaka mingi ya kuomba radhi kwa jambo la chumvi, la neno kali, la mlango uliobamizwa. Hatuoni aibu kumwomba Roho atupe nguvu za kukabili watawala, lakini kumwomba nguvu za kumwambia mke au mume nimekosa tunaona ni kumsumbua.

Gahini iko Rwanda, na haiwezekani kuandika haya bila kufika mwaka 1994. Nchi ambamo Uamsho uliwasha moto wake, nchi ambayo sehemu kubwa ya watu wake walikuwa wamebatizwa, ilizama katika mauaji ya kimbari. Watu walikimbilia makanisani wakauawa humo, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Baadhi ya wauaji na wauawa walikuwa wamepokea ushirika mmoja. Wapo Wakristo waliokataa, waliowaficha jirani zao darini na mashimoni, na wengine waliuawa kwa ajili hiyo. Lakini walikuwa wachache kuliko inavyostahili, na viongozi wa kanisa nao hawakuwa bila lawama.

Wapo wanaosema hii inathibitisha kwamba Uamsho ulikuwa kelele tupu. Sikubali, mbuzi walirudi kweli. Wapo wanaosema Shetani ndiye aliyefanya, wakafunga mjadala, na hao ndio siwakubali kabisa. Ninachokiona mimi ni kwamba Roho harithiwi pamoja na majengo. Baba aliyetembea nuruni mwaka 1936 hamwachii mwanawe nuru ile kama anavyomwachia shamba. Tena ziko dhambi ambazo ushuhuda wa ndugu wa Uamsho haukuzigusa vya kutosha. Mtu aliungama kuiba jembe, na ni vyema. Lakini nani alisimama akaungama jinsi alivyomtazama Mtutsi, au Mhutu? Walikuwepo waliofanya hivyo, nao ndio fahari ya Uamsho. Ila kanisa kama taasisi lilijifunza kuwa makini na pombe kuliko na orodha za kabila. Wasemao Kiyunani wa Yerusalemu walipolalamika kwamba wajane wao wanarukwa, mitume walilichukua jambo hilo kama jambo la Roho. Sisi huliita siasa, tukaendelea na sala ya kufunga.

Siku hizi Roho Mtakatifu anatangazwa sana. Mabango yanatuahidi upako, mkesha unafungiwa spika za kutikisa mabati, na chupa ya mafuta ina bei yake. Sina ugomvi na kelele zenyewe. Mtu aliyebanwa wiki nzima ana haki ya kupaza sauti mbele za Mungu wake, na bibi anayecheza kanisani huenda hana mahali pengine pa kuchezea. Wasiwasi wangu ni kwamba tumefundishwa kumtambua Roho kwa joto, kwa hiyo anapokuja kwa namna ya aibu ndogo inayochoma pale unapojaza fomu ya posho kwa safari ambayo hukuifanya, hatumtambui. Tunadhani ni woga. Tunamkemea.

Wakatoliki, kabla ya Kipaimara, hufundishwa vipaji saba vya Roho, na kimojawapo kinaitwa shauri. Watoto hukikariri upesi, katikati ya akili na nguvu, na sijawahi kumsikia mtu akikiombea mkesha. Ni kipaji cha kujua la kufanya hapa, sasa, kwa mtu huyu. Ndugu wa Uamsho walikihitaji, kwa maana palikuwa na watu waliosimama mbele ya kusanyiko wakaungama dhambi iliyomhusu mke wa mtu aliyekaa mstari wa nyuma, na nyumba ikavunjika palepale huku wengine wanaimba. Nuru bila shauri inaweza kuunguza. Ndiyo maana ningependa katika kila kikundi cha sala, katika kila jumuiya ndogo ndogo inayokutana sebuleni kwa mtu, awepo mzee mmoja, mama hasa, ambaye mtu akisimama kwa machozi kushuhudia juu ya deni alilolikana, atamwacha amalize, kisha amuulize taratibu kama mwenye fedha ameshalipwa. Na kama bado, amwambie ushuhuda utasubiri, sokoni bado hawajafunga.