Mtoto Mgonjwa Si Adhabu

Wanafunzi wa Bwana wetu Yesu Kristu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza dhambi ilikuwa ya nani: yake mwenyewe au ya wazazi wake. Bwana aliikataa hukumu hiyo, kisha akamponya. Twaikumbusha habari hii kwa sababu swali lile lingali likiulizwa majumbani mwetu, hasa anapozaliwa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu. Huyu husema mama ana mkosi, yule husema ukoo umerogwa. Na mara nyingine baba huondoka, akamwachia mkewe mtoto anayelia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa.

Yafaa kila mzazi ajue ukweli. Mtoto hupata ugonjwa huu akirithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, nao wenyewe waweza kuwa wazima kabisa. Kwa wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba ipo nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa mtoto mgonjwa. Hapana uchawi hapo, wala hapana wa kulaumiwa.

Sasa elimu ya tiba imekwenda mbele zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba iitwayo Casgevy. Madaktari huzitoa kwa mgonjwa chembe zinazozaa damu, wakazirekebisha jeni zake katika maabara, ili zitengeneze tena damu ya namna ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake, isiyopindika kama mundu. Uboho wa zamani huondolewa kwa dawa kali, kisha chembe zile hurudishwa mwilini. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa miezi 12 mfululizo au zaidi bila kushikwa na maumivu makali.

Je, Mkristu aifurahie kazi hii? Naam. Katika hati Dignitas Personae ya mwaka 2008, Kanisa lilifundisha kwamba kutibu jeni katika mwili wa mgonjwa mwenyewe ni halali, mradi asitiwe katika hatari kupita kiasi, na akubali akiwa ameelezwa. Lakini ni jambo jingine kubadili jeni za mtoto angali kiinitete, kama alivyofanya He Jiankui wa China. Mwaka 2018 alitangaza kuzaliwa kwa mapacha wa namna hiyo, na mwaka 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Daktari wa kwanza amtibu mtu. Wa pili amfanyia mtu majaribio, na kosa lake laweza kurithiwa na wajukuu.

Lakini bei ya tiba hiyo huko Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na Tanzania yetu ni miongoni mwa nchi wanakozaliwa watoto wengi zaidi wenye selimundu. Lazaro angali amelala mlangoni. Wenye mamlaka na wenye mali watalijibu jambo hili mbele ya Mungu.

Nasi tusikae tukingoja tu. Ipo dawa ya kumeza, haidroksiyurea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na hata vifo. Mpelekeni mtoto apimwe mapema, ahudhurie kliniki, anywe maji ya kutosha, alale ndani ya chandarua. Na ninyi vijana mnaotazamia ndoa, pimeni damu, mkae mkijua.

Nawe baba uliyeondoka, twakusihi urudi nyumbani. Ugonjwa wa mtoto ulitoka kwenu wote wawili. Basi na mzigo wake ubebwe na wote wawili.