Mayowe ya Nani?

Msichana akiweka hevi metali kwa sauti hapa Voi, ataulizwa kama ana pepo. Kijana wa kiume akisikiliza hiyo hiyo, ni starehe zake tu. Duma, kundi la Kenya lililotoa albamu 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Uganda, lilikuwa la wanaume wawili. Sijasikia mtu akiwauliza habari za pepo.

Lakini swali lenyewe lina mizizi hapa kwetu. Mwaka wa 1957 mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika kuhusu saka, hali iliyowapata wake za Wataita huko milimani: mwanamke anatetemeka, anapoteza fahamu, anatamani kitu. Tiba yake ilikuwa ngoma ya hadharani, na mume alitakiwa kumpa mkewe alichotamani.

Mimi naona hapo kulikuwa na mapatano. Piga kelele utakavyo, mama, bora sote tukubali si wewe unayesema.

Metali inaondoa hicho kisingizio. Nikinguruma, ni mimi, na jina langu, na hasira ninazozijua zimetoka wapi. Ndiyo maana shangazi angefadhali niwe mgonjwa. Mgonjwa anaombewa, mwenye hasira inabidi asikilizwe.

Sasa kuna jambo linanisumbua, na sijalipatia jibu. Wale wa saka walijificha nyuma ya pepo, sawa, lakini waliondoka na kitu mkononi. Mimi hurudi kutoka shoo za Nairobi koo limekauka, na nyumbani hakuna aliyelazimika kunipa chochote.