Daftari la Vipimo

Nasimulia kosa langu mwenyewe, kosa la mtu aliyedhani anatenda jema. Nalisimulia kwa ajili ya kila mwenye shangazi, bibi, jirani au fundi wa nguo aliyemwomba jambo dogo, naye akamjibu, "Wiki ijayo, Mama."

Ninapopanga ni Kimironko, jijini Kigali, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka sokoni. Anayelijua soko lile anajua kuwa sauti yake hubadilika kadiri unavyoingia ndani. Mlangoni utalakiwa na maparachichi, ndizi na vijana wanaotaka kukubebea mzigo. Mbele kidogo kuna maharage, dagaa na isombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa tayari. Ukifika kwenye vitenge, kelele za watu zinapungua na cherehani zinashika zamu. Zimepangwa bega kwa bega, miguu ya mafundi haitulii, na mtu akitaka kusema jambo la siri huko ndiko mahali pake, maana hakuna wa meza ya pili atakayelisikia.

Fundi wangu alikuwa mama wa miaka sabini hivi. Wasichana aliowafundisha kazi walimwita Mukecuru, kama Wanyarwanda wanavyomwita kwa heshima mwanamke aliyekula chumvi nyingi. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Mwalimu, kwa kuwa nafundisha Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Chake hakukipata darasani. Alilelewa Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kiliota mizizi zamani, na nadhani alinipenda kwa sababu nilimpa nafasi ya kukizungumza.

Aprili 2023, katika wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, inayoanza tarehe 7, nilikwenda kuchukua shati. Alikuwa akitia uzi kwenye bobini. Bila kuinua macho alisema, "Mwalimu, nataka uniandikie majina ya watu wangu."

Sikuhitaji kuuliza ni watu gani. Nilichouliza ni kwa nini mimi, mgeni, wakati ana majirani wanaojua kuandika Kinyarwanda vizuri zaidi.

"Hapa kila mtu ana orodha yake," alijibu. "Nikimwomba jirani aandike ya kwangu, atakumbuka ya kwake, na sitaki kumliza. Wewe huna orodha." Kisha akaongeza kwamba tarakimu bado anaziandika kwa sababu ya vipimo vya wateja, lakini herufi siku hizi zinamkimbia.

Nikamwambia, "Baada ya mitihani, Mama." Na kweli nilikuwa na madaftari mia na zaidi ya kusahihisha. Mitihani ikaisha. Nikawa na mafua. Mafua yakapona, nikawa na mgeni kutoka Kigoma. Kila nilipopita sokoni alinisalimia bila kulitaja jambo lile, na ukimya wake nikauchukua kama ruhusa ya kuchelewa.

Julai ikafika, na rafiki akanialika Gisozi kutazama igizo.

Pale Gisozi, kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Ukumbusho huo ulifunguliwa mwaka 2004. Karibu na makaburi kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, na ndiko Hope Azeda, msanii aliyekulia ukimbizini Uganda kisha akarudi nyumbani, alikoanzisha tamasha la Ubumuntu mwaka 2015. Ubumuntu ni utu. Kwa hiyo anayeigiza kifo pale anawaigizia hata waliolala hatua chache kutoka jukwaani.

Igizo nililoliona sitalitaja jina. Wasanii hawakukosea kitu, na sitaki hadithi yangu iwachafulie kazi yao. Jukwaani palikuwa na kamba ya kuanikia nguo tu: gauni, koti, sare ya shule, kanga. Mwigizaji alianua vazi moja, akalivaa, na papo hapo akawa marehemu aliyelivaa. Alizungumza, akacheka, akagombana na mkewe kuhusu chumvi. Kisha akalivua, akalirudisha kambani, akabaki kimya. Vazi likawa linapepea bila mtu. Kiangazi cha Kigali kina upepo wa jioni wenye baridi, na upepo ule uliigiza kuliko sisi wote. Sare ya mtoto ilipojaa hewa, mikono yake ikainuka kana kwamba inataka kushikwa, nililia. Sikulia kwa adabu. Nililia mpaka jirani yangu akanipa kitambaa.

Baada ya igizo watu walibaki kuzungumza na wasanii. Nami nikasimama. Nilisema kwamba mtu hufa mara mbili, mara ya pili ni siku jina lake linapotajwa kwa mara ya mwisho. Maneno hayo niliyaokota mahali, sikuyatunga. Nikasema ni wajibu wa sisi tulio hai kuyaandika majina hayo kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alikuja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilirudi Kimironko kwa moto, kama wenyewe wanavyoiita pikipiki, nikiwa mwepesi kifuani kama mtu aliyelipa deni.

Deni nililokuwa nalo wala sikulikumbuka.

Kesho yake nilikwenda kumsimulia Mama habari za igizo. Narudia: nilikwenda kumsimulia. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikamweleza kamba, koti, kanga na sare ya mtoto, huku nikionyesha kwa mikono. Alisimamisha cherehani, kitu ambacho hakukifanya kwa mteja yeyote.

"Sare ilishonwa na nani?" aliuliza kwanza, maana alikuwa fundi.

Sikujua.

"Na hao waliokufa humo, waliitwa nani?"

Nikafikiri. "Mama," nikasema. "Baba. Babu. Mtoto. Hawakupewa majina, ili kila mtu amwone wa kwake."

"Na leo wanaigiza tena?"

"Ndiyo, jioni."

"Kwa hiyo leo wanakufa tena." Akaweka mguu kwenye pedali. "Wangu walikufa mara moja tu."

Nilidhani ametoa neno la hekima, nikatikisa kichwa kwa heshima. Nikamwahidi kwamba nikirudi kutoka likizo tutakaa siku nzima na daftari. Akasema, "Sawa, Mwalimu," na cherehani ikaanza kuimba.

Tangu hapo nimetafuta aliyelieleza kosa hili kabla yangu, na wa kwanza niliyempata ni Mwafrika. Augustino wa Hippo alieleza katika Maungamo yake, aliyoyaandika karibu na mwaka 400, jinsi alivyokuwa kijana mjini Carthage, katika Tunisia ya leo, akipenda maigizo yenye misiba. Alijiuliza huruma ile ilikuwa huruma gani, ikiwa mtazamaji haitwi kumsaidia yeyote, anaitwa kulia tu, na akilia sana anaondoka amefurahi. Nilipoisoma hoja hiyo nilijiona nimeketi Gisozi na kitambaa cha watu mkononi. Igizo halikunidanganya. Mimi ndiye niliyelitumia kama mtu anayekwenda kumpa pole mfiwa wa mtaa wa mbali ili asipite mlango wa mfiwa wa jirani.

Na nilikuwa na onyo karibu zaidi ya Carthage. Kila mwaka nawafundisha vijana Al-Inkishafi, utenzi ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alizungumza na moyo wake mwenyewe, akiuonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni, sasa yamebaki magofu. Huwaambia wanafunzi kwamba nguvu ya utenzi ule ni kuwa mshairi hamkaripii mtu mwingine. Anaukaripia moyo wake. Nimelisema hilo ubaoni mara nyingi sana, chaki mkononi.

Nilikaa Kigoma hadi mwisho wa Agosti. Niliporudi, mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na cherehani yake ilikuwa imefunikwa kwa kitenge. Msichana aliyejifunza kazi kwake aliniambia kwamba Mukecuru alilala akiwa na maumivu ya kifua na hakuamka. Ilikuwa siku ya tatu tangu afariki.

Jioni nilikwenda kwenye ikiriyo. Ni matanga, kama tungesema sisi: watu hukusanyika nyumbani kwa marehemu, viti vinaazimwa, moto unawashwa uani, na wanaokuja hawalazimiki kusema kitu. Walikuwepo wanawake wa sokoni, majirani, watu wa kanisani. Alisimama mmoja akaeleza maisha ya Mama. Alieleza ufundi wake, wasichana aliowafundisha, ukali wake juu ya pindo lililopinda. Alipofika kwa waliomtangulia alisema "familia yake," akanyamaza kidogo, akaendelea. Hapakuwa na aliyeweza kuwataja. Niliangalia moto. Sikuwa na chozi hata moja, na kwa mara ya kwanza nilielewa kuwa lile la Gisozi lilikuwa rahisi.

Tulimzika kwenye makaburi ya Rusororo, tukanawa mikono kama desturi ilivyo.

Hapa lazima nimweleze msomaji wa Tanzania au Kenya jambo ambalo nami nililijua kwa maneno tu. Kwetu, nikisahau jina la mtoto wa fulani, nina pa kuanzia: ana ubini, ana jina la babu, naweza kupapasa. Rwanda haiko hivyo. Kwa desturi mtoto hupewa jina lake mwenyewe siku chache baada ya kuzaliwa, jina lenye maana iliyochaguliwa kwa ajili yake, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata silabi. Jina la baba halikuonyeshi jina la mwana. Likipotea, huwezi kulikisia.

Ndiyo maana kazi ya majina huku ni kazi kubwa. Chama cha Ibuka, kilichoundwa na manusura, kilikwenda kilima hadi kilima katika eneo la Kibuye peke yake, na mwaka 1999 kikatoa kitabu chenye majina 59,050. Kundi jingine la manusura, GAERG, limehesabu familia 15,593 zilizofutika kabisa, watu 68,871, hakubaki hata mmoja wa kuzilia. Familia ya Mama haimo katika hesabu hiyo, maana yeye alibaki. Alibaki miaka ishirini na tisa, akiyabeba majina kichwani, na nilikuwa naishi dakika kumi kutoka kwake, na kalamu mfukoni.

Yapo maigizo yaliyolijua hili. Groupov, kundi la wasanii wa Liège nchini Ubelgiji, lilipotengeneza Rwanda 94, lilimpa kiti Yolande Mukagasana, muuguzi aliyefiwa na mumewe na watoto wake watatu. Hakuigiza. Aliketi mbele ya watu, akasimulia yaliyompata. Kazi ile ililetwa Rwanda mwaka 2004, na ilichukua saa nyingi, kwa sababu waliotaka kusikiliza kweli walijua kuwa kusikiliza kunachukua muda. Mimi niliombwa alasiri moja.

Wiki mbili baada ya maziko, msichana wa cherehani alinisimamisha sokoni. Alikuwa na daftari la vipimo la Mukecuru, lenye jalada lililolowa mafuta ya mashine. Akasema amelipekua akitafuta kipimo cha mteja, akaona kitu mwishoni ambacho hakukielewa, na kwa kuwa Mukecuru alisema mara nyingi kwamba Mwalimu atakuja na kalamu, akadhani ni changu.

Kurasa za mbele zote zilikuwa tarakimu: kifua, kiuno, bega, urefu. Ukurasa wa nyuma ulikuwa umepigwa mistari kwa rula, pengine ile ile ya kukatia vitambaa. Upande wa kushoto, kwa mkono uliotetemeka kidogo, zilikuwepo namba kuanzia 1 hadi 14. Baada ya kila namba aliacha nafasi ndefu, yenye kutosha jina refu la Kinyarwanda.

Majina matatu nayajua. La mumewe alilitaja siku moja akinikatia suruali, akisema nina miguu kama yake. La binti yake wa kwanza nililisikia alipokuwa akishona sare za shule Januari moja. La dada yake alilitamka alipompima mke wangu, kwa sababu kipimo cha bega kilikuwa kile kile. Yote matatu aliyasema juu ya kelele za cherehani, akiwa na pini mdomoni, na sina hakika kwamba nimeyasikia sawasawa.

Nilikaa mezani usiku ule nikataka kuyaandika. Kalamu ilipogusa karatasi nikakumbuka kwamba namba zile alizipanga yeye, na mpango wake hakuniambia: kama ni kwa umri, au kwa siku walizouawa, au kwa jinsi walivyoketi mezani. Sijui nani alikuwa wa 1. Nimeyaandika kwa penseli, pembeni, nje ya mistari.