Gonga Chesisi Kwanza

Msimu wa pamba ukikaribia kufunguliwa, gereji za Bariadi huchangamka. Pikapu iliyolala tangu mvua inakumbukwa, maana kuna mzigo Itilima na Meatu. Fundi anafungua boneti, anasikiliza, anatamka: injini ishuke. Ukitajiwa bei, unatafuta pa kukaa.

Mimi nasema usianzie kwenye injini. Ingia uvunguni, gonga chesisi kwa spana. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa mlio wa kopo, na vumbi la kutu linakudondokea usoni. Injini ya mtumba utaipata Mwanza, lakini chesisi ikioza utaifunga wapi injini hiyo? Ukiona injini inatoa moshi wa bluu, ni oili inaungua, pengine ringi zimechoka. Hilo lina dawa.

Redio kubwa na rimu za kung'aa zisubiri breki zishike. (Vijana mtanuna, najua.) Kisha piga hesabu: mzigo wa msimu huu utarudisha hela ya fundi? Kama hapana, liuze gari likiwa bado linatembea lenyewe, ukodi la jirani. Ukiamua kutengeneza, mwambie fundi akukabidhi kila spea kuukuu aliyoitoa.