Moyo Ukisita Mlangoni mwa Kazi

Sisi watu wa pwani tunapokataa jambo na hatuna hoja ya kulikataa, husema: "Roho yangu haitaki." Aliyeambiwa hivyo hukosa la kujibu, kwani nani awezaye kuhojiana na roho ya mwenziwe? Vijana husema machale yamewacheza. Maneno ni mbalimbali, maana ni moja: kwamba ndani ya mtu mna mjuzi ajuaye kabla ya akili kujua. Je, mtu akipewa kazi, na mjuzi huyu akasita, yatosha kumtii?

Swali hili nimelibeba tangu Sekenke. Ni mahali pa wilaya ya Iramba, mkoani Singida, ambapo dhahabu ilianza kuchimbwa zama za Wajerumani. Mwaka 1916, manowari za Waingereza zikiwa zimeufunga mwambao na fedha imeadimika, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na katika karakana ya reli ikafanywa sarafu za rupia 15. Upande mmoja wa sarafu ile yupo tembo, upande wa pili yupo tai wa dola. Mchimbaji hayupo.

Nilikwenda huko kuitwa kazini. Bwana mmoja, ambaye yeye na kampuni yake sitawataja, alitaka mfasiri wa mkataba ambao wachimbaji wadogo wangeutia dole gumba. Ujira wake ulipita wote niliowahi kuahidiwa. Nami, niliyejifunza Kiingereza kwa kamusi na kandili, sikuzoea kubembelezwa. Tulipoagana alisema: "Tumia lugha nyepesi, wasije wakawa na maswali mengi." Nikaitikia. Usiku usingizi ulinipaa. Asubuhi nikasingizia homa, nikapanda basi.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba niliusikiliza moyo wangu. Leo sina hakika kwamba nilistahili sifa ile.

Tazama duara la machimbo. Mzee aliyeshuka humo miaka ishirini huamka siku moja akasema leo hashuki. Ukimuuliza sababu, hana. Labda jana alisikia matimba yakilia kwa namna asiyoizoea, au alinusa unyevu mpya. Kusita kwake ni elimu iliyokosa jina tu. Kando yake yupo kijana ambaye moyo umemwambia: leo tutaipata. Huyu naye ausikiliza moyo. Lakini anenaye humo ni njaa. Tena mara nyingi wachimbaji wa duara hawana mshahara, bali fungu katika mifuko ya mawe, hivyo tumaini lenyewe ndilo posho yao. Elimu na njaa hutoka katika koo moja, kwa sauti moja. Wala ile methali ya ving'aavyo haitufai hapa, kwani Sekenke dhahabu ipo kweli.

Kuna tatizo jingine. Aliyekubali kazi mbaya hupata ushahidi, ijapokuwa kwa uchungu. Aliyekataa hapati kitu. Mkataba ule sikuusoma hata ukurasa wa pili. Huenda ulikuwa wa haki tupu. Shimo usiloingia hulijui kina chake, na moyo uliokuzuia utajisifu daima kwa kuwa hapana wa kuukanusha.

Wazee wetu walilijua hili. Mwenye kuswali istikhara hufundishwa pia kushauriana na wenye kujua. Hakuambiwa akae peke yake na moyo wake akiungojea useme. Mimi niliuacha wangu peke yake. Uliyashika maneno "wasije wakawa na maswali" usiku kucha, ukanipa ncha ya uzi. Badala ya kuuvuta, niliukata nikakimbia. Laiti ningalimuuliza yule bwana, "Maswali gani hayo unayoyaogopa?" Ama angalinijibu na hofu yangu ikaondoka, ama angalikasirika, nami ningalikuwa na jambo la kuwaambia wenye madole gumba. Mfasiri mwingine alipatikana, bila shaka. Moyo wangu uliniokoa mimi. Haukumwokoa mtu wa pili.

Utaniambia kwamba kuuliza ni anasa ya walioshiba. Ni kweli. Kijana anayeambiwa shuka sasa au nafasi yako apewe mwingine, binti anayeambiwa kwamba tikiti ya kwenda Arabuni imeshakatwa na ndege ni kesho, hao hawakupewa hata usiku mmoja wa kusikiliza chochote. Lakini hapo ndipo nionapo kipimo. Kazi njema haidhuriki kwa kuulizwa; na mwajiri asiyekuachia usiku mmoja wa kuuliza amekwisha kukujibu. Huenda ukaikubali hata hivyo, kwa kuwa watoto hawali kipimo, na hapana wa kukulaumu. Ila utaingia ukijua unaingia wapi.

Ama sisi tulio na nauli ya kurudia, deni letu ni kubwa zaidi. Moyo ukisita, kusita kwake ni swali, na swali halitimii mpaka litamkwe mbele ya mwenye kulijibu. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Mimi nililijua neno hilo tangu utotoni, na siku lilipohitajika nilisingizia homa.